Kingamwili Unazozikuta Leo Zimetengenezwa Mwezi Huu

Hotuba hii niliitoa mbele ya wachanjaji, wataalamu wa maabara na watu wazima wengine waliokuja kusikiliza tu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimefuta pale nilipojikwaa.

Viongozi wetu, wachanjaji wenzangu, wazee mliokaa mstari wa mbele, mama zangu na baba zangu, shikamooni. Vijana, habari zenu.

Mshereheshaji amenipa dakika arobaini na saa kaishika yeye, kwa hiyo sitazunguka. Kuna swali ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye dirisha la chanjo amelisikia. Mtu mzima anakuja na kadi iliyokunjwa mara nne, wino umeshapauka, anaiweka mezani na kuuliza: "Hii bado ipo, au imeshaisha?"

Imeshaisha. Neno hilo ndilo lililonileta hapa. Anayeuliza ana picha ya tangi la maji kichwani. Siku ya sindano tangi lilijazwa, tangu hapo maji yanatumika kidogo kidogo, na siku moja bomba litakohoa hewa. Tusimcheke, maana sisi wa maabara tunasema hivyo hivyo. Tunapima damu, tunaona namba imepungua, tunaandika kwamba kinga imeshuka. Leo nataka tulishushe tangi hilo kutoka darini, tuchungulie ndani.

Tuanze na hesabu, halafu sitawasumbua tena na hesabu. Kingamwili ni protini za mwili zinazokamata virusi, na zinazofanya kazi ya muda mrefu ndani ya damu ni za aina iitwayo IgG. Zenyewe hazidumu: nusu yake hupotea kila baada ya siku 21 hivi. Miaka 20 ina siku kama 7,300. Gawa kwa 21, unapata karibu 348. Kwa hiyo kingamwili ulizokuwa nazo mwezi mmoja baada ya sindano zingekuwa zimekatwa nusu, na nusu ya nusu, mara 348. Chukua karatasi uichane katikati, kinachobaki ukichane tena. Ukifika mara ya kumi umebaki na sehemu moja kati ya 1,024, na vidole vimeshashindwa. Ukifika mara ya mia hakuna karatasi. Hakuna hata molekuli moja.

Sasa, chanjo ya homa ya ini A ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni chanjo ya virusi vilivyouawa. Watu wazima waliopata dozi zao mbili nyakati hizo walifuatiliwa, damu ikichukuliwa mwaka baada ya mwaka, hadi miaka 20 ikatimia. Karibu wote walikuwa bado na kingamwili juu ya kile kiwango tunachokihesabu kuwa ni kinga, na makadirio yanaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 yao watakuwa nazo hata mwaka wa 40. Lingekuwa tangi, lingekauka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Basi kingamwili hizo hazikuhifadhiwa tangu siku ya sindano. Kuna mtu anazitengeneza. Ukichukua damu leo kwa mtu aliyechanjwa miaka 20 iliyopita, kingamwili unazozikuta zimetengenezwa mwezi huu, pengine juzi. Nikishuka jukwaani mkiwa mmebaki na hilo peke yake, nitalala usingizi mzuri.

Lakini kabla ya kufika kwa huyo anayetengeneza, tumzungumzie marehemu.

Tunasema virusi vilivyouawa. Ni namna ya kusema tu, maana kirusi hakili, hakipumui, na wataalamu bado wanabishana kama kiliwahi kuwa hai. Tunachokifanya ni kukinyang'anya uwezo wa kujizalisha huku tukijitahidi sura yake ibaki ile ile, ili mwili ukiiona siku nyingine uitambue. Kwa polio na homa ya ini A kazi hiyo hufanywa na formalini, ile ile mnayoijua kwa kuhifadhia maiti. Kwa chanjo nyingi za kichaa cha mbwa na za korona za aina hii hutumika kemikali iitwayo beta-propiolaktoni.

Ugumu uko kwenye kipimo. Ukizidisha, sura inaharibika. Ukipunguza, kinabaki kimoja chenye nguvu zake. Tarehe 12 Aprili 1955, nchini Marekani, Thomas Francis alitangaza matokeo ya majaribio ya chanjo ya polio ya Jonas Salk, majaribio yaliyohusisha watoto wapatao milioni 1.8. Chanjo ilikuwa salama na ilifanya kazi. Hazikupita wiki nyingi, baadhi ya shehena zilizotoka kiwandani zikagundulika zina virusi hai. Watoto wapatao 200 walipooza, na watu 10 wakafa. Virusi vilikuwa vimegandana mabonge, formalini ikawapata waliokuwa nje na kuwaacha waliojificha ndani. Tangu hapo uchujaji na upimaji wa kila shehena ulibanwa sana, na chanjo ya polio ya sindano inatumika mpaka leo.

Upande wa pili wa kosa haukuvuma sana magazetini, ila kwa mada yetu una uzito zaidi. Mwaka 1963 Marekani ilianza kutumia pia chanjo ya surua iliyouawa. Kingamwili zilipanda, kila mtu akafurahi, kisha zikaporomoka haraka. Baadhi ya waliochanjwa walipokutana na surua halisi waliugua surua ya ajabu: homa kali, upele unaoanzia mikononi na miguuni badala ya usoni, mapafu kujaa. Chanjo ile ikaondolewa baada ya miaka minne. Mwaka 1966 yakatokea makubwa zaidi kwa watoto waliopewa chanjo ya majaribio dhidi ya RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa. Iliuawa kwa formalini. Waliochanjwa waliugua vibaya kuliko wasiochanjwa, na wawili walifariki.

Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulionyesha nini kilitokea. Watoto wale walikuwa na kingamwili, tena nyingi. Lakini zilishika bila kubana. Zilikigusa kirusi na kukiacha kiende zake, au mbaya zaidi, zikaganda nacho na kuwasha mapafu. Namba kwenye karatasi ya maabara ilikuwa nzuri. Mimi kila nikiletewa matokeo yenye namba kubwa peke yake, nawakumbuka hao watoto wawili.

Sasa twende kwenye mkono wa mtu mzima. Sindano imeingia begani. Ndani ya dawa kuna virusi vilivyouawa, na katika chanjo nyingi za aina hii kuna chumvi ya alumini iliyowekwa makusudi kuwashtua walinzi wa mahali pale. Chembe za ulinzi zinavimeza vile virusi na kuvibeba hadi kwenye tezi za kwapani. Wengine hapa mliwahi kuhisi mtoki kwapani siku mbili tatu baada ya chanjo mkaogopa. Ule mtoki ni shule imefunguliwa.

Humo ndani seli B, yaani chembe za ulinzi zinazozaa watengenezaji wa kingamwili, zile ambazo kwa bahati tu zinaweza kukishika kirusi kidogo, zinaanza kuzaana, na kila uzao unabadilika kidogo. Zinashindanishwa: inayokishika kirusi vizuri zaidi inasaidiwa na seli T, chembe nyingine za ulinzi, ili iendelee, isiyoshika inaachwa ife. Zinarudi tena uwanjani, zinabadilika tena, zinachujwa tena. Wiki hadi wiki. Mwishoni wahitimu wanagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linahamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa huko likitema kingamwili usiku na mchana, kila seli maelfu kwa sekunde. Kundi la pili halitengenezi chochote. Linazurura, linanyamaza, linasubiri. Hizo ndizo seli za kumbukumbu.

Tatizo la kirusi kilichouawa ni kwamba hakizaani, kwa hiyo vifaa vya kufundishia vinaisha mapema na shule inafungwa kabla wanafunzi hawajaiva. Ndiyo maana dozi ni mbili au tatu. Na ndiyo maana tunawasumbua kuhusu nafasi kati ya dozi na dozi, si urasimu. Wakati wa korona, China ililinganisha watu waliopewa dozi ya tatu ya chanjo iliyouawa siku 28 baada ya ya pili, na waliosubiri miezi sita au zaidi. Waliosubiri walipanda juu zaidi kwa mbali. Wanafunzi wao walikuwa wamekomaa. Dozi ya tatu ikawakuta tayari. Kwa homa ya ini A nafasi ni miezi 6 hadi 12, kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo mtu ataniuliza: kwa nini basi mtu aliyeugua kweli hukaa na kinga maisha yake yote bila dozi ya pili? Ni kweli kwa baadhi ya magonjwa. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa visiwa vya Faroe ambako surua ilikuwa imeingia na kuangusha watu kama 6,000 katika jamii ya watu wasiofika 8,000. Surua ilikuwa haijafika huko tangu 1781. Panum akauliza wazee. Wale waliougua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, hakuna aliyeugua tena. Hawakuwa wamekutana na surua hata mara moja katikati. Kirusi hai kinafundisha kwa wiki nzima, kila chumba cha mwili, na ada yake ni ugonjwa wenyewe, na wengine hawahitimu wanakufa. Chanjo iliyouawa inafundisha kwa vipindi bila ada hiyo. Inachofikia chanjo ya homa ya ini A kwa vipindi viwili tu ni jambo ambalo hata walioitengeneza hawakulitarajia. Mwanzoni walidhani watu watahitaji dozi za nyongeza kila baada ya miaka kadhaa.

Turudi kwenye ile namba inayoshuka, maana hapa ndipo tunapogombana na watu bure.

Mwezi mmoja baada ya dozi ya mwisho kingamwili ziko kileleni. Zinatengenezwa na makundi mawili ya wafanyakazi. Wengi ni vibarua: wameajiriwa kwa kazi ya dharura, wanafanya kazi kwa nguvu wiki chache, wanakufa. Wachache ni waajiriwa wa kudumu waliopata nafasi kwenye uboho, na nafasi huko si nyingi. Vibarua wakiondoka, namba inaporomoka. Kwa miezi ya mwanzo mchoro unateremka kama mtu aliyekosa ngazi. Kisha unalala, unateremka polepole sana, miaka na miaka. Ukichukua rula ukaiweka juu ya miezi sita ya kwanza na kuivuta mbele, utasema kufikia mwaka wa pili kutakuwa hakuna kitu. Kosa hilo lilifanyika hadharani mwaka 2021, na magazeti, na baadhi yetu tuliovaa makoti meupe.

Sisemi kila chanjo iliyouawa inapata waajiriwa wa kudumu. Chanjo ya mafua ni mfano wa kusikitisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wa watu waliokubali kutolewa uboho kabla na baada ya kuchanjwa, ulikuta seli mpya zilifika kwenye uboho vizuri, lakini baada ya mwaka mmoja nyingi hazikuwepo tena. Kwa hiyo chanjo ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa sababu mbili: kirusi kinabadili sura, na wafanyakazi hawakai.

Korona iko katikati. Chanjo mbili za China za virusi vilivyouawa, ya Sinopharm na ya Sinovac, zilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya dharura Mei na Juni 2021. Nchini Chile watu wapatao milioni 10.2 walifuatiliwa. Dozi mbili za Sinovac zilipunguza kuugua kwa asilimia 65.9, kulazwa kwa asilimia 87.5 na kufa kwa asilimia 86.3. Tafadhali msinukuu namba hizo kama ushahidi wa kinga ya muda mrefu, nimeshasikia wakifanya hivyo. Zilipatikana kati ya Februari na Mei mwaka huo, watu wakiwa bado wabichi kwenye chanjo. Baada ya miezi sita, kwa wengi wa waliopimwa kingamwili za kuzuia kirusi zilikuwa zimeshuka hadi kipimo hakikuziona. Oktoba 2021 Shirika likashauri walio na miaka 60 na zaidi wapewe dozi ya tatu. Walipopewa, kingamwili zilipanda ndani ya siku chache, kasi ambayo mtu anayeanza upya hana. Kumbe kulikuwa na watu ndani ya nyumba, ila hawakuwa barazani. Na chanjo ya kirusi kizima ina jambo lingine: seli T zinajifunza pia protini za ndani, ambazo hazibadiliki haraka kama ile miiba ya juu.

Niwaonyeshe kile kipimo chenyewe, kwa sababu tunakiheshimu kuliko kinavyostahili. Unachukua seramu, yaani yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda. Unaipasha moto nyuzi 56 kwa nusu saa. Unaichanganya na kimiminika mara kumi, mara ishirini, mara arobaini, kila safari nusu. Kila mchanganyiko unautia virusi vya idadi unayoijua, kisha unaumwaga juu ya seli zilizolala kwenye kisahani kama zulia. Unafunika kwa jeli, unasubiri siku kadhaa, unatia rangi ya zambarau. Seli zilizo hai zinashika rangi. Palipo na kirusi kilichopenya kunabaki tundu jeupe. Halafu unahesabu matundu. Kwa mkono, kwa macho, taa ikiwa chini ya kisahani. Nimehesabu matundu hadi usiku, hadi nikifumba macho nayaona. Kwa homa ya ubongo ya Kijapani, seramu iliyochanganywa mara kumi ikipunguza matundu kwa nusu, tunaandika "ana kinga". Isipofika, tunaandika "hana".

Lakini kisahani kile kimeona nini? Kimeona kingamwili zilizokuwa zikielea kwenye mshipa mmoja asubuhi moja. Uboho hakijauona. Seli za kumbukumbu tumezitupa siku tulipotenganisha seramu, zilikuwa kwenye lile bonge jekundu. Ni kumpima mtu utajiri kwa pesa alizonazo mfukoni.

Hili nimelipitia mwenyewe. Nilipoanza kazi kwenye maabara ya kichaa cha mbwa nilichanjwa dozi tatu. Miaka ikapita. Katika upimaji wa kawaida wa wafanyakazi nikaletewa karatasi: chini ya 0.5, ambacho ndicho kiwango cha kukubalika. Nilikuwa nimewafundisha wengine haya ninayowaambia sasa, na bado usiku ule sikulala. Nikapewa dozi moja. Baada ya wiki moja nikapimwa, na mwenzangu akaniita nije nione visahani mwenyewe. Virusi vilikuwa vimezimwa hata kwenye mchanganyiko mwembamba ambao hatukutegemea. Mtu ambaye hakuwahi kuchanjwa, siku ya saba ndiyo kwanza anaanza kujikongoja.

Kwa hiyo kumbukumbu ipo hata mfuko ukiwa mtupu. Swali linalofuata, na ndilo swali la kweli la dozi za nyongeza, ni kama kumbukumbu itawahi. Seli za kumbukumbu zinahitaji siku nne hadi saba kuamka na kuujaza mwili kingamwili. Kirusi nacho kina saa yake. Homa ya ini A huchukua wastani wa siku 28 kutoka kuingia hadi kuuguza. Kumbukumbu inaamka, inaoga, inakunywa chai, inafika na kumkuta adui bado anafungua mizigo. Mafua yana siku moja hadi nne. Kumbukumbu ikifika mlangoni mgonjwa ameshalala kitandani. Itasaidia asizidiwe, lakini kuzuia imechelewa. Hapo unahitaji kingamwili zilizo tayari barazani siku hiyo hiyo.

Kichaa cha mbwa kinachukua mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na mtu angesema basi tuiachie kumbukumbu. Hapana. Huu ni ugonjwa ambao dalili zikianza karibu kila mtu hufa, na kirusi kikishaingia kwenye neva kingamwili za damu hazikifikii vizuri. Aliyechanjwa zamani akiumwa na mbwa, hata kama ni miaka mingi, anaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu anapata dozi mbili, siku ya kwanza na siku ya tatu baada yake. Sindano ya kingamwili za kuazima, ile ya kuzungushia kidonda, yeye haihitaji. Asiyewahi kuchanjwa hana msamaha huo. Hii ndiyo faida ya kumbukumbu iliyo wazi kuliko zote: haimpi mtu ruhusa ya kukaa nyumbani, inampunguzia safari na inamwokoa pale ile sindano ya kuazima isipopatikana.

Kuhusu umri nitapita haraka, wazee wangu msije mkaninunia. Tezi inayolea seli T changa huanza kusinyaa tangu ujana. Baada ya miaka 60 shule ya kwapani inapokea wanafunzi wachache na inafunga mapema, na namba za kingamwili baada ya chanjo huwa ndogo zaidi. Kwa mafua kuna chanjo ya wazee yenye kiasi mara nne. Kwa homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, Austria hurudia chanjo kila miaka mitano, na mitatu kwa waliofika 60. Jirani yao Uswisi tangu mwaka 2006 hurudia kila miaka kumi. Ugonjwa mmoja, chanjo zile zile, milima ile ile, kalenda mbili. Austria imesoma ile namba ya kwenye damu kwa uangalifu. Uswisi imeangalia wangapi waliochanjwa wanaugua kweli. Mimi moyo wangu uko Uswisi, ila ningekuwa na miaka 75 nadhani ningehamia Austria.

Nibaki na wachanjaji dakika chache, wengine mnisamehe. Kinga ya miaka 20 inaweza kufa kwenye friji kabla haijamfikia mtu. Chanjo zenye alumini zinaogopa baridi kali kuliko joto. Zikiganda, ile chumvi inashikana mabonge, inawaachia virusi, na hakuna namna ya kuirudisha. Mtu anachanjwa, kadi inaandikwa, kinga haiji, na miaka mitano baadaye tunasema imeshaisha kumbe haikuanza.

Ukishuku, fanya jaribio la kutikisa, usione uvivu. Chukua kichupa cha shehena ile ile, kigandishe makusudi usiku kucha, kiyeyushe. Kishike mkono mmoja pamoja na unachokishuku, vitikise pamoja, viweke mezani kwenye mwanga. Kilichoganda kitaanza kutulia upesi: juu maji maangavu, chini vipande kama maziwa yaliyokatika. Kizima kitabaki na ukungu wake sawasawa. Kama unachokishuku kinatulia haraka sawa na kilichoganda, itenge shehena hiyo, andika ripoti, usimchome mtu.

Nimalizie na yule wa kadi iliyokunjwa mara nne. Si mtu wa kubuni. Mzee wa miaka hamsini na kitu, alipata dozi ya kwanza ya homa ya ini A, akaambiwa arudi baada ya miezi sita, akarudi baada ya miaka minne. Alikuja ameshajiandaa kugombezwa. Akasema, "Najua imeshaisha, mwanangu, tuanze upya." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hatuanzi upya. Hata ungechelewa zaidi, dozi ya kwanza inahesabika. Wanafunzi wako wapo, walikuwa wanakusubiri." Akacheka, akakunja shati bega likaonekana. Mchanjaji akamchoma, akaandika tarehe ya pili chini ya ile iliyopauka. Mzee akaupuliza wino ukauke, akaikunja kadi mara nne, akairudisha mfukoni.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Mwenye swali anyooshe mkono.